Barbara Cartland na Shujaa Ambaye Hakumwandika



Kila tukitaja fasihi pendwa, sie wasomi hukunja pua. Mie nimekunja yangu darasani kwa zaidi ya miaka ishirini huku Uingereza, na mfano wangu wa kila mwaka ulikuwa huyo huyo mmoja: Dame Barbara Cartland, bibi wa nguo za rangi ya waridi aliyeacha vitabu 723. Wanafunzi wakicheka, name nikicheka nao. Leo nataka kujisahihisha, ila nusu tu.

Tuanze na maisha yake, maana kesi yenyewe iko huko. Alizaliwa 1901 Edgbaston, Birmingham, katika ukoo uliokuwa na mali kisha ukayumba. Baba yake aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1918. Mama hakukaa kusubiri mfadhili. Alifungua duka la nguo London akalea watoto watatu. Binti naye akashika kalamu, akiandikia magazeti habari za wakubwa na karamu zao, na riwaya yake ya kwanza, Jigsaw, ikatoka miaka ya 1920. Aliolewa 1927, ndoa ikaishia mahakamani. Mwaka 1936 akaolewa na binamu wa mume huyo wa kwanza. Mwaka 1940 ndugu zake wawili wa kiume waliuawa wakati jeshi la Uingereza likirudi nyuma kuelekea Dunkirk. Mmoja wao, Ronald, alikuwa mbunge. Mwaka 1963 akafiwa na mume.

Mwengine angekaa eda ya maisha. Yeye ndipo alipozidisha kasi. Mchana hujilaza kwenye kochi, mbwa wake ubavuni, akisema hadithi huku karani anaandika, maelfu ya maneno kwa kikao kimoja. Kuna mwaka alitoa riwaya 23, akaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Alipofariki Mei 2000, akiwa na miaka 98, aliacha miswada 160 ambayo haijachapwa. Na katikati ya yote hayo alikuwa diwani wa Hertfordshire, akagombana na wakubwa wenzake miaka ya 1960 ili Wajipsi wapate mahali pa kudumu pa kukaa na watoto wao waende shule.

Sasa hebu fungua riwaya zake. Yuko wapi mwanamke huyu? Hayupo! Yupo msichana bikira, yatima au maskini wa nasaba bora, karne ya 19. Anatishwa, anakimbia, anazirai, anaokolewa na bwana mwenye cheo, na ukurasa wa mwisho ni ndoa. Hana kazi ya kumlisha. Hapewi talaka. Hazeeki.

Tumezoea kumlaumu kwa lugha nyepesi na aya fupi fupi. Hilo si kosa kubwa, ni ufundi wa anayejua msomaji wake kachoka. Shtaka langu ni jengine: mwandishi huyu alijua, tena kwa damu yake, kwamba mwanaume hufa, ndoa huvunjika, na mwanamke hujikomboa kwa mikono yake. Alilijua akalificha. Mara 723 alikuwa na nafasi ya kumwandika mama yake wa dukani awe shujaa wa mapenzi, akamwandika mtoto wa watu anayezirai.

Na ushahidi ulimfika nyumbani. Binti yake Raine aliolewa na Earl Spencer mwaka 1976, akawa mama wa kambo wa Diana. Diana alikuwa msomaji mkubwa wa vitabu hivi. Mwaka 1981 akaolewa na mtoto wa mfalme hasa, kama riwayani. Mwaka 1992 wakatengana, 1996 wakaachana. Cartland mwenyewe alikuja kusema kwamba Diana hakuwa akisoma vitabu vyengine ila vyake, na havikumfaa sana. Mhakiki gani aliwahi kusema zaidi ya hapo?

Hapo ndipo nilipokuwa nikifungia somo. Hadi nilipokwenda Mombasa likizo, nikakaa na dada yangu mkubwa. Yeye ni mjane, fundi wa magauni ya harusi, kasomesha watoto wanne kwa charahani moja. Kando ya charahani nikaiona Cartland, jalada limefunikwa gazeti kama tulivyofunika madaftari zamani. Nikaanza mhadhara wangu. Akanisikiliza hadi mwisho, sindano mdomoni. Kisha akaitoa akasema: "Weye ndugu yangu, nashinda kutwa nikishona. Usiku wataka nisome habari za mtu anayeshona?"

Nilinyamaza, bwana. Udaktari wote ule ukapwaya kama gauni la kuazima.

Nimelifikiria jibu lile tangu siku hiyo. Dada hasomi ili ajue dunia, dunia anaijua. Anasoma apumzike nayo kwa saa moja, na akifunga kitabu anajua kabisa kipi ndoto na kipi bili ya stima. Nashuku hata Cartland, baada ya misiba ile, alikuwa akipumzika vivyo hivyo pale kochini. Kwa hiyo nafuta kicheko changu cha darasani. Kilikuwa cha mtu ambaye hajawahi kuchoka kiasi hicho.

Lakini shtaka silifuti lote. Kitabu kile kile mkononi mwa binti wa miaka 15 ni kitu chengine. Yeye hana charahani ya kumkumbusha, anaweza kukichukua kama ramani. Na sisi tunaofundisha tumemwacha peke yake nacho, maana tulishaamua kwamba vitabu hivyo havistahili kuzungumzwa. Tunamsomesha vitabu vya mtihani, na anavyovisoma kwa hiari yake, chini ya shuka, hatumwulizi.

Basi muhula huu Cartland nimemrudisha kwenye orodha, safari hii asomwe na si achekwe. Swali la kwanza nitakalowapa wanafunzi: kwa nini mama mwenye duka hakuwahi kuwa shujaa?

Dada nimempelekea nakala mbili kwa posta. Akaniuliza kama zinaishia kwa harusi.

Naomba kutoa hoja.