Vyama vya Kiswahili visigeuze mtandao kuwa ubao wa salamu na rambirambi

JUZI nilikuwa Lwakhakha, kumtembelea mwalimu mwenzangu ambaye tumefahamiana tangu chuoni. Kwa wasiopajua, Lwakhakha ni mji wa mpakani katika Kaunti ya Bungoma, upande wa Mlima Elgon. Mto wenye jina hilohilo ndio unaotenga Kenya na Uganda. Ukikaribia daraja, simu yako hushika mawimbi ya ng'ambo na kukukaribisha Uganda ilhali miguu yako ingali Kenya.

Tulikuwa tunakunywa chai mwenzangu alipotoa simu akanionyesha ujumbe wa M-Pesa. Alikuwa amelipa ada ya mwaka kwa chama kimoja cha walimu na wapenzi wa Kiswahili, ambacho mimi pia ni mwanachama.

“Mwalimu,” akaniuliza, “hiki chama chetu hutupa nini hasa?”

“Kinatupa fursa ya kukutana,” nikajibu.

“Kukutana wapi? Nairobi? Nauli utanipa wewe?”

Nilicheka, ila swali lake halikuwa la mzaha. Wiki chache kabla ya hapo, wanafunzi wake walikuwa wameandika insha kuhusu teknolojia. Mmoja alitumia neno ‘mdahalishi’, mwingine ‘intaneti’, wa tatu ‘mtandao’, na wa nne akaandika ‘wavuti’. Walimu wa idara yake wakashindwa kuafikiana. Mmoja akashikilia kwamba ‘intaneti’ ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, kwa hivyo aliyeitumia apunguziwe alama. Mwenzangu akaona heri aulize wataalamu. Akaliandika swali katika kundi sogozi la chama.

Yaliyofuata mnayajua. Mtu alituma picha ya kidole gumba. Mwingine akaandika, “Swali zuri sana, Mwalimu.” Kisha zikaja heri za siku ya kuzaliwa, rambirambi, tangazo la ploti inayouzwa, na video ya mwanasiasa aliyeteleza ulimi. Kufikia jioni swali lilikuwa limezikwa. Mwanafunzi wa ‘intaneti’ akapoteza alama zake.

Katika makala haya ninahoji kwamba udhaifu mkubwa wa vyama vyetu vya Kiswahili mtandaoni hautokani na uhaba wa vifaa. Unatokana na jinsi tunavyomwelewa mwanachama. Tumemfanya kuwa mtu wa kuhesabiwa na kutozwa ada, na tukasahau kwamba ana haja zinazofaa kushughulikiwa. Simlengi mwenyekiti wala chama fulani. Mimi mwenyewe nimo ndani ya kosa hili, maadamu niliona swali la mwenzangu siku ile nikapita kimya.

Tuanze na neno lenyewe. Mwanachama ni mwana wa chama. Mwana ana wajibu nyumbani, lakini pia ana haki ya kulishwa, kusikizwa na kuelezwa mambo ya nyumba yanavyokwenda. Linganisha na ‘kundi’, neno tulilolizoea siku hizi. Kundi laweza kuwa la ng'ombe. Huswagwa, huhesabiwa jioni, na hakuna anayeliuliza maoni. Tulipohamishia shughuli zote za chama kwenye kundi la WhatsApp, nahofia tuliihamisha na maana pia.

Historia inatusuta. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki haikuwa chama cha wanachama kwa maana ya leo, lakini ilijua kwamba kazi isiyomfikia mtumiaji ni bure. Ilikuwa na jarida lililosafiri kwa posta. Kati ya mwaka wa 1952 na 1962 makao yake yalikuwa Makerere, huko ng'ambo ya mto huu, kabla ya kuhamia Mombasa na hatimaye Dar es Salaam mwaka wa 1964. Jarida hilo ndilo lililokuja kuwa ‘Kiswahili’, ambalo leo unaweza kulisoma kwenye tovuti ya majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na ndugu yake ‘Mulika’. Yaani chombo kilichoanza katika enzi ya stempu na bahasha kimevuka hadi enzi ya intaneti. Sasa, chama kilichozaliwa simu ikiwa tayari mkononi kina kisingizio gani?

Mifano ya mafanikio ipo. ‘Swahili Forum’, jarida lililoanzia Ujerumani mwaka wa 1994, husomwa mtandaoni bila malipo. Mwaka uo huo, Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni, na watu waliotawanyika katika nchi mbalimbali wakachangia maneno. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka wa 2003, hujengwa na watu wa kujitolea. Nacho CHAUKIDU, kilichoasisiwa mwaka wa 2012, kina wanachama Afrika, Ulaya na Marekani. Sioni jinsi chama cha aina hiyo kingeweza kupumua pasipo intaneti.

Lakini mfano ulionigusa zaidi niliuona palepale Lwakhakha. Mke wa mwenzangu ni mwekahazina wa chama cha akina mama wa sokoni, kile cha kuzungushiana pesa tunachokiita merigoraundi. Wana makundi mawili ya WhatsApp. Kundi la kwanza ni la shughuli tu, na wasimamizi peke yao ndio wanaoweza kuandika humo. Kila baada ya mkutano huwekwa orodha: nani ametoa, nani anadaiwa, nani anapokea wiki ijayo, faini ni ngapi, na salio ni kiasi gani. Kundi la pili ni la salamu, harusi, msiba na porojo. Asiye na simu ya kisasa hutumiwa ujumbe mfupi wa kawaida. Mama mmoja anaishi ng'ambo ya mto na hupata taarifa saa ileile wanapoipata wa huku.

Hebu tafakari. Mama muuza mboga anajua salio la chama chake kila wiki. Mimi, mwenye shahada na ada iliyolipwa, sijaona hesabu za chama changu tangu nijiunge. Nilipolipa nilipata ujumbe wa M-Pesa, basi. Tunaowafundisha wenzetu istilahi za uwajibikaji tumeshindwa na wanaouishi.

Je, vyama vyetu vifanye nini? Kwanza, vitenganishe shughuli na soga. Sizidharau rambirambi, nilipofiwa, kundi hilohilo ninalolilalamikia lilinifariji na kunichangia. Utu huo ni sehemu ya chama. Ila rambirambi zipewe ukumbi wake na hoja za taaluma zipewe wake, ili kimoja kisikizike kingine kisizikwe.

Pili, na hili ndilo kubwa, viwe na dawati la maswali. Ugumu hauko kwenye mitambo. Chama kiteue wanachama watano au sita: wa sarufi, wa istilahi, wa fasihi, wa ufundishaji. Swali likija, lipewe mwenyewe na siku ya kujibiwa. Majibu yakusanywe mahali pa kudumu panapoweza kutafutwa. WhatsApp si mahali hapo. Kwa kawaida anayejiunga leo haoni yaliyojadiliwa mwaka jana, na simu ikipotea, hazina nayo huenda ikapotea. Ukurasa mwepesi wa tovuti, wenye maandishi matupu yasiyokula bando, ungemfaa mwalimu wa Lwakhakha kuliko faili nzito za picha zilizopigwa mshazari.

Swali la mwenzangu lingejibika kwa aya moja. ‘Intaneti’ ni neno la mkopo lililokwisha kukubalika na kutoholewa kwa kufuata silabi za Kiswahili, kama ‘shule’ na ‘baiskeli’ yalivyokuja zamani. ‘Mdahalishi’ limezoeleka zaidi madarasani Kenya kuliko kwingineko. ‘Mtandao’ lina maana pana, kwani kuna mitandao ya barabara na ya biashara pia. ‘Wavuti’ na ‘tovuti’ hutofautishwa na wengi, tovuti ikiwa makao ya mtu au taasisi humo mtandaoni. Mwanafunzi asiadhibiwe kwa kuchagua mojawapo, mradi amelitumia kwa maana yake. Aya moja! Ingeokoa alama za mtoto na kumaliza ugomvi wa idara.

Tatu, makala ya makongamano yawafikie wasiohudhuria. Si haki mwanachama wa Kitale au Lwakhakha alipe ada ile ile na wa Nairobi, kisha matunda yaliwe na aliye karibu na ukumbi. Mada ziwekwe mtandaoni, na mijadala irekodiwe kwa sauti, maana sauti hula bando kidogo kuliko video. Mkutano mkuu wa mwaka nao uruhusu wa mbali kushiriki na kupiga kura.

Nne, hesabu na sajili. Risiti, matumizi na salio viwafikie wanachama wote. Lakini sajili isianikwe. Katika kundi la WhatsApp kila mtu huiona nambari ya mwenzake, na wauza ploti hawahitaji zaidi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inadai taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu bayana na zilindwe. Chama cha lugha hakiko juu ya sheria.

Najua nitapingwa. Watasema viongozi wa vyama hujitolea, hawana mshahara, na wana madarasa ya kufundisha. Ni kweli, na nawavulia kofia. Hiyo ndiyo sababu ya kugawana kazi. Wanafunzi wa CHAWAKAMA wamo vyuoni kote Afrika Mashariki, wana ujuzi wa mitambo na wanatafuta uzoefu. Kwa nini wasishirikishwe? Wengine watasema mtandao utaua mikutano ya ana kwa ana. Sioni hivyo. Aliyejibiwa swali lake Machi ndiye atakayejinyima apate nauli ya kuja kongamanoni Agosti. Aliyepuuzwa hatakuja, na mwakani hatalipa.

Kuna na la ng'ambo. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wa upande wa pili wa daraja watahitaji vitabu, istilahi na wenzao wa kushauriana nao. Dawati la maswali lililo wazi mtandaoni lingewahudumia bila pasipoti. Tukichelewa, watajitafutia kwingine, na hatutakuwa na wa kumlaumu.

Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa Julai 7, tangu UNESCO ilipoitambua mwaka wa 2021. Kila mwaka tunavaa vitenge na kusifu ukuaji wa lugha. Kabla ya maadhimisho yajayo, naomba vyama vyetu vifanye jambo dogo: kila kimoja kichukue maswali kumi ya wanachama wake yaliyozikwa makundini, kiyajibu, na kuyaweka pale yatakapoonekana.

Mwenzangu ameniambia atalipa ada mwaka huu wa mwisho, aone. Nami nimemwahidi kwamba swali lake lijalo sitalipita kimya.