Kiu ya Marehemu

Ukitaja makaburi ya Misri, wengi huwaza dhahabu ya Tutankhamun. Mimi naona udongo una maneno zaidi. Huko Rifeh, karibu na Asyut, Flinders Petrie alifukua vinyumba vya kufinyanga vilivyowekwa juu ya makaburi ya watu wa kawaida miaka kama 4,000 iliyopita. Katika kitabu chake cha 1907 aliviita nyumba za roho, na jina likaganda.

Jina tamu, lakini linapotosha. Vingine havina nyumba kabisa: ni sinia tu, lenye mkate, mguu wa ng'ombe na mfereji wa maji. Mtu wa Kitui au Makueni, anayefukua maji mchangani mto ukikauka, ataona mfereji kwanza. Hapa shida ni kiu, si makazi.

Wazee wa Ukambani nao walipeleka chakula na pombe kwenye ithembo, kwa ajili ya aimu, roho za waliotangulia. Ila chakula chao kilikuwa cha kweli, kikiisha lazima mtu arudi. Walitegemea sisi tukumbuke. Mfinyanzi wa Rifeh alifinyanga mkate usiooza, asimtegemee yeyote. Nani alitujua vizuri zaidi? Kusema kweli, ni yule mfinyanzi.