Kadi Nzuri Usiyoichukua

Ukishinda pambano katika Slay the Spire, unawekewa kadi tatu na kuruhusiwa kuchukua moja. Mgeni wa mchezo huchukua. Kadi ni ya bure, imepambwa, inaahidi nguvu. Kwa nini aiache? Fundi huzisoma zote tatu, akazipima na zile alizonazo, na mara nyingi akabonyeza kitufe cha kupita. Nimeupenda mchezo huu kwa mengi, lakini zaidi kwa ajili ya kitufe hicho.

Waliouunda ni Anthony Giovannetti na Casey Yano wa Mega Crit, studio ndogo ya Seattle, Marekani. Watu walianza kuucheza Novemba 2017 ukiwa bado unajengwa, na toleo kamili likatoka Januari 2019. Wazo la kuanza na fungu dogo la kadi dhaifu, kisha kulisuka upya huku unacheza, lilikwisha kuzoeleka mezani kupitia Dominion, mchezo wa Donald X. Vaccarino wa mwaka 2008. Hapa wazo hilo limepewa mnara wa kupanda. Ukifa, kadi zote ulizokusanya zimekwenda na wewe, unaanzia chini.

Tumtazame askari aitwaye Ironclad siku yake ya kwanza mnarani. Ana uhai 80 na kadi 10: tano za kupiga, Strike, nne za kujikinga, Defend, na moja iitwayo Bash. Kila zamu anavuta kadi 5 na kupewa nishati 3. Mbele yake amesimama Jaw Worm, mdudu mwenye uhai kati ya 40 na 44, na juu ya kichwa chake pameandikwa atakachofanya: atauma kwa 11. Adui hafichi nia yake. Hilo ndilo linaloufanya mchezo kuwa wa hesabu kabla ya kuwa wa bahati.

Tuseme mkononi zimeingia Bash, Strike mbili na Defend mbili. Strike inagharimu nishati 1 na kupiga 6. Bash inagharimu 2, inapiga 8, na kumwacha adui amelegea, kila pigo linalofuata likizidi kwa nusu yake. Ukianza na Strike, unapata 6 na 8, jumla 14. Ukianza na Bash, unapata 8 na 9, jumla 17. Kadi ni zilezile, nishati ni ileile. Sasa angalia fungu: zimebaki kadi 5, nazo ni lazima ziwe Strike tatu na Defend mbili. Zamu ijayo adui atakuwa bado amelegea, na Strike hizo tatu zitampiga 27. Kumi na saba na 27 ni 44. Mdudu atakufa zamu ya pili, hata akiwa na uhai wake wote, baada ya kukuuma mara moja tu. Aliyetanguliza Strike atafika 41, na huenda akapigwa tena.

Ongeza kadi moja kwenye fungu hilo na uhakika umepotea: zamu ya pili utavuta 5 kati ya 6. Ongeza ishirini, na Bash unayoitegemea utaiona kwa nadra. Fungu nene ni mchuzi uliozidishwa maji. Nyama imo, ila mwiko hauipati. Ndiyo maana mchuuzi wa mnarani huuza pia huduma ya kuondoa kadi, dhahabu 75 mara ya kwanza, na bei hupanda kwa 25 kila unapoinunua. Wachezaji wazuri hulipa bila kusita. Wanatoa mali yao ili wabaki na kadi chache zaidi, na naona hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Lakini kukataa nako kunataka macho. Katika ngazi ya kwanza ya mnara yumo Gremlin Nob, ambaye akishanguruma, kila kadi ya ujuzi utakayocheza, hata ya kujikinga tu, humwongezea nguvu 2. Aliyepita kila kadi ya kushambulia kwa kusubiri iliyo bora atafia pale.

Ngazi ya tatu, ramani inakuonyesha mapema bosi anayekungoja kileleni. Akiwa ni Time Eater, kila kadi ya 12 utakayocheza inakata zamu yako na kumwongezea nguvu. Mhusika mwingine, The Silent, mwindaji aliyefika huko kwa kurusha visu vidogo visivyogharimu nishati, anakuta kila kisu kinahesabiwa kuwa kadi. Bado ana mapambano kadhaa njiani, na katika kila kadi tatu atakazowekewa, sasa anatafuta ile nzito aliyokuwa akiipita tangu chini: moja itakayofanya kazi ya visu vinne.