Oili Inavuja, Sili ni Nzima

Gari la kujijengea nyumbani likianza kuvuja oili, mafundi wengi hukimbilia sili ya nyuma ya krankshafti. Injini inashushwa, sili mpya inafungwa, gari linarudi barabarani, na baada ya safari mbili tatu tone lile lile linaonekana sakafuni. Katika magari ya aina hii sili mara nyingi huadhibiwa kwa kosa la mjenzi, aliyebadilisha kitu kingine kabisa wakati wa kuifunga injini. Kazi ya uchunguzi ni kukitafuta kitu hicho kabla ya kushika spana.

Mfano mzuri ni yale magari madogo ya wazi ya Uingereza yanayofuata umbo la Lotus Seven. Colin Chapman wa Lotus aliitoa Seven mwaka 1957, na wanunuzi wengi waliichukua ikiwa vipande wakaifunga wenyewe. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ikairithi. Mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu kilichomfundisha mtu wa kawaida kujijengea gari la namna hiyo kwa pauni 250, akitumia vipuri vya Ford Escort iliyochakaa. Nyingi ya Escort hizo zilikuwa na injini ya Ford Kent aina ya Crossflow, iliyotoka mwaka 1967. Wapenzi wa Safari Rally wana undugu nayo: Escort ya Hannu Mikkola iliyoshinda mwaka 1972 ilitumia injini ya BDA, ambayo kampuni ya Cosworth iliibuni kutokana na ukoo huo wa Kent.

Ndani ya Escort, injini hii ilikuwa na njia yake ya kupumua. Kila pistoni inaposukumwa na moto, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka kwenye chumba cha krankshafti. Kiwandani waliitoa gesi hiyo kwa bomba lililo ubavuni mwa bloku, ikapita kwenye vali ndogo na kuingia manifoldi ya kuvutia hewa, ikaunguzwa pamoja na petroli. Mjenzi wa nyumbani anapenda nguvu, kwa hiyo anaing'oa kabureta ya zamani na kufunga Weber 40 DCOE mbili zenye manifoldi yake. Mara nyingi manifoldi hiyo mpya haina tundu la kupokea bomba lile. Bomba linabaki halina pa kwenda, na mjenzi analiziba au analivisha kichujio chembamba. Gari linawaka vizuri, na hakuna anayekumbuka tena jambo hilo.

Kuanzia hapo gesi inatafuta mlango mwingine: ukingo wa tapeti kava, gasketi ya pampu ya petroli, pembe za sampu ambako vipande vya gasketi vinakutana, na hatimaye mdomo wa sili ya nyuma. Ndiyo maana injini ya namna hii huvuja sehemu nne kwa mpigo. Uvujaji wa sehemu nyingi kwa wakati mmoja ni dalili ya kwanza kwamba tatizo si gasketi moja.

Dalili ya pili ni saa ya uvujaji. Oili ya injini huishi katika hali tatu. Iliyotoka kwenye pampu ina shinikizo la makumi ya paundi kwa inchi ya mraba, na shinikizo hilo huwa kubwa zaidi asubuhi, oili ikiwa baridi na nzito. Uvujaji unaoanza mara tu gari linapowashwa hutoka huko: kwenye filta, kwenye pampu yenyewe, ambayo kwa Crossflow imefungwa nje ya bloku, au kwenye kibomba cha geji. Oili iliyotulia ndani ya sampu haina shinikizo ila uzito wake. Hiyo hudondoka gari likiwa limeegeshwa usiku kucha, na chanzo chake kiko chini ya usawa wa oili. Uvujaji unaotokea barabarani tu, hasa kwa mwendo mkali, ukakoma injini ikizimwa, ni wa oili inayosukumwa na gesi.

Baada ya kusoma saa, ndipo unaosha. Injini isafishwe kwa dawa ya grisi, ikaushwe kwa upepo, kisha viungo vyote vinyunyiziwe poda nyeupe. Gari litembezwe kidogo, likaguliwe, litembezwe tena. Tafuta mahali palipolowa pa juu zaidi na pa mbele zaidi, kwa sababu oili huteremka kwa uzito wake na upepo wa barabarani huirudisha nyuma. Anayelaza kadibodi chini ya gari anaona mwisho wa safari ya oili, si mwanzo wake.

Oili ikionekana kwenye nyumba ya klachi, usiihukumu sili bado. Nyuma ya flaiwili kuna pia kizibo cha mwisho wa kamshafti, na upande wa pili kuna sili ya giaboksi. Oili ya giaboksi huwa nzito na ina harufu ya salfa, nayo hulowesha upande wa klachi. Ya injini hulowesha uso wa flaiwili unaotazama bloku.

Kipimo cha kukata shauri ni cha bei ndogo. Chukua mpira mwembamba unaoonesha ndani, upinde kama herufi U, utie maji, kisha chomeka ncha moja kwenye tundu la dipstiki. Injini yenye njia nzuri ya kupumua, ikinguruma taratibu, huyavuta maji kidogo kuelekea kwake au huyaacha yalivyo. Maji yakisukumwa nje, na yakazidi kusukumwa kadiri unavyokanyaga mafuta, gesi imekosa njia.

Hapo linabaki swali moja: gesi ni nyingi kupita kiasi, au mlango ni mdogo? Pima kompresheni ya kila silinda. Ikiwa iko chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena; ikipanda, ringi zimechoka. Kompresheni ikiwa sawa kwa silinda zote, lawama inarudi kwenye bomba lililozibwa.

Kuna jambo jingine ambalo katika magari haya hujificha vizuri. Kwa kuwa gari liko chini sana, mjenzi hukata sampu na kuichomelea upya, lakini anaendelea kumimina kiasi kile kile cha oili cha Escort. Sampu iliyopunguzwa haikitoshi: oili inapanda hadi krankshafti inaipiga na kuifanya povu, na povu hilo hutoka na gesi. Kikokotoe upya kiasi ambacho sampu inaweza kubeba, mimina kiasi hicho, kisha chonga alama mpya kwenye dipstiki. Ukishaifungua sampu, tia mafuta ya taa ndani na paka chaki nje kwenye mistari ya kuchomelea. Tundu dogo kama ncha ya sindano litajionesha kwa doa.

Tiba ya mfano wetu basi haianzi na sili. Rudisha njia ya kupumua: bomba pana kutoka kwenye bloku na jingine kutoka tapeti kava, yote yaende kwenye kopo la kukusanyia oili lenye kichujio, bila kulegea mahali ambapo maji yanaweza kutuama. Pima tena kwa mpira wa U. Gasketi zilizokwisha kusukumwa huenda zikahitaji kubadilishwa, lakini moja moja, ukitembeza gari kila baada ya badiliko, la sivyo hutajua kipi kilichoponya. Na kama gari si lako, swali la kwanza kwa mwenyewe lisiwe oili inatoka wapi. Muulize alichokiondoa kwenye injini siku alipoitoa kwenye gari ilimokuwa awali.