Waliobaki Nyumbani Wanaona Nini?

Ndugu msomaji, tumezoea kuhakiki riwaya na tamthiliya. Shuleni tulifundishwa kuuliza habari za fani na maudhui, wahusika, mandhari, na nani anasimulia. Leo naomba ruhusa niyatumie maswali hayo hayo kwa kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kukitungia mtihani: maonyesho ya mifugo yanayorushwa mubashara kwenye simu, kwa ajili yetu sisi tusioweza kwenda.

Mambo yalianzia jikoni kwetu, hapa Tingi. Bibi yangu anafuga simbilisi, wale wanyama wadogo wanaokimbilia nyuma ya kuni ukifungua mlango. Anawajua mmoja mmoja. Mguu wake mbovu, haendi mbali. Agosti 2024 alisikia kwamba Nane Nane kitaifa iko Dodoma, viwanja vya Nzuguni, akaniambia, "Mjukuu wangu, nasikia siku hizi mtu anaona kila kitu kwenye hiyo simu yako. Hebu nionyeshe mifugo." Kutoka kwetu hadi Dodoma, wee acha tu: Mbinga, Songea, Njombe, Makambako, Iringa, na bado hujafika. Nikanunua bando, nikaegemeza simu kwenye kinu, tukakaa.

Tulikaa sana. Kituo sitakitaja, maana nia yangu si kumgombeza mtu. Tuliona mahema. Tuliona wageni wakipokewa, wakipita banda hadi banda, wakipeana mikono. Mtangazaji aliwataja wakubwa kwa vyeo vyao na hakuruka hata kimoja. Mwisho ikafika zamu ya mifugo. Kamera ilikuwa mbali kabisa, ng'ombe wakaonekana kama siafu. Pembeni, mbuzi mmoja mweupe mwenye doa jeusi begani alikuwa amegoma kutembea. Kijana aliyemshika kamba akapiga magoti, akawa kama anamnong'oneza sikioni. Bibi akaichukua simu kwa mikono miwili. "Mwambie asogee karibu," akasema. Nikamjibu, bibi, huyu hatusikii. Hapo hapo picha ikahamia jukwaani kwa wageni. Bando lilipokata, bibi aliuliza swali moja tu: "Yule mwenye doa alitembea?"

Sikuwa na jibu. Saa tatu nzima tulikuwa tunatazama, na swali rahisi kama hilo likanishinda.

Basi tuhakiki. Mhusika mkuu wa matangazo yale alikuwa nani? Mgeni rasmi. Mifugo ilikuwa mandhari tu, kama miti inavyochorwa nyuma ya jukwaa la maigizo. Mgogoro ulikuwepo: mbuzi hataki, kijana anambembeleza, umati unasubiri. Huo ulijileta wenyewe, bure, na ukaachwa njiani. Na msimulizi? Hakuwepo. Alikuwepo mtu wa kusoma ratiba. Riwaya ya namna hiyo, wewe na mimi tungeifunga ukurasa wa tatu.

Najua nitaambiwa, "Kijana, acha ulalamishi. Picha umepewa, macho unayo, unataka nini tena?" Hoja hiyo ina uzito kidogo. Ni kweli zamani hata hicho hatukuwa nacho, na anayerusha maonyesho bila kumtoza mtazamaji kiingilio anastahili shukrani. Lakini nakataa kwamba picha inatosha, na ushahidi wangu ni redio.

Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994. Kabla ya hapo, mtu wa huku kwetu aliyetaka kuiona Simba na Yanga aliiona kwa masikio, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Wazee bado wanawataja Ahmed Jongo na Charles Hilary kama watu wanaotaja ndugu. Mimi sikuwepo, lakini baba akikusimulia mpira alioufuata kwenye redio ya mkulima, anakuonyesha hadi upande mpira uliotokea. Picha hakuwa nayo hata moja! Alichokuwa nacho ni mtu aliyeona kwa niaba yake, mtu aliyejua kwamba msikilizaji wa mbali anataka kujua mambo mawili: mpira uko wapi, na hatari iko wapi.

Na kabla ya redio tulikuwa na desturi yetu. Huku Nyasa kukichezwa mganda kijiji kingine, wanaume wamejipanga mistari kama askari, si kila mtu alipata nafasi ya kwenda. Aliyekwenda akirudi alizungukwa, akahojiwa: nani aliongoza mstari, nani alikosea hatua, ngoma ya nani ililia vizuri. Mpelekaji habari mbovu alijulikana. Huyo ndiye aliyeanza na kusema, "Kulikuwa na watu wengi." Kila mtu alijua kwamba kulikuwa na watu wengi!

Nikataka kujua kama wenzetu wa mbali wamefaulu zaidi. Nikatafuta kwenye intaneti wanyama wa jamii ya simbilisi, nikakutana na chinchilla. Huyu naye ni mgugunaji, na asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kama simbilisi wa bibi. Manyoya yake ni mazito mno, na kwa ajili ya manyoya hayo aliwindwa hadi akakaribia kwisha porini. Mwaka 1923 Mmarekani mmoja, Mathias Chapman, aliwatoa wachache Chile akawapeleka California, na huko ndiko ufugaji wa Marekani ulikotokea. Leo wafugaji wanawashindanisha. Mnyama huwekwa kwenye kizimba kidogo mezani, chini ya taa kali, na hakimu anaangalia rangi, umbo na uzito wa manyoya. Joto linamdhuru, hasa likipita nyuzi 25, kwa hiyo safari kwake ni hatari. Mashindano mengine hurushwa mubashara kwa wasioweza kufika.

Bwana, nilitazama. Meza, vizimba, mtu amejiinamia. Kwa macho yangu wanyama wote walikuwa kijivu kimoja. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakimu anaposema kwa sauti kwa nini huyu amemshinda yule, hata mimi wa Tingi nafuata, nachagua wangu, naumia akishindwa. Akinyamaza, nabaki naangalia vizimba. Kamera haiwezi kukushikisha manyoya. Maneno yanajaribu.

Mtu asiseme kwamba mnyama mdogo hana hadithi. Magawa alikuwa panya buku. Alizaliwa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, akafunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini, akapelekwa Kambodia mwaka 2016. Hadi anastaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 71 na mengine 38 ambayo hayakuwa yamelipuka. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa korona, sherehe ilifanyika kwa njia ya intaneti. Karibu hakuna aliyehudhuria, lakini dunia ilimfahamu. Kwa nini? Kwa sababu alipewa jina, mahali alipozaliwa, kazi na hatari. Januari 2022 alipokufa, watu ambao hawajawahi kufika Morogoro walisikitika. Huyo ni mhusika, jamani. Hakuwa mandhari.

Kwa hiyo ninachowaomba wenye kamera si mitambo ya bei mbaya. Kwanza, mtangazaji wa mifugo awe mtu anayejua mifugo. Mfugaji mmoja mwenye ulimi mzuri anatosha. Pili, kamera moja ishuke chini, ikae usawa wa mbuzi. Tatu, ukianza kutuonyesha jambo, usituache kabla halijaisha. Wageni rasmi tutawaona tu, hawajawahi kukosa mpiga picha.

Na sisi vijana tunaojiita waandishi, tusicheke. Hati ya riwaya yangu ina kurasa 112. Niliisoma upya baada ya siku ile, nikakuta sura nzima ya harusi ambayo nimewataja wageni wote na sijasema kama bibi harusi alilia. Nimeichana. Kazi yetu ni ile ile ya aliyerudi kutoka kwenye mganda: kuna mtu ana mguu mbovu amekaa jikoni anatusubiri, na hajali kwamba kulikuwa na watu wengi.

Kwa leo naishia hapa. Kama kuna msomaji aliyekuwepo Nzuguni Agosti ile akamwona mbuzi mweupe mwenye doa jeusi begani, tafadhali aandike kwa mhariri atuambie kama alitembea. Bibi bado anauliza.