Namba Sita Asiyehama

Ukienda Uwanja wa Sokoine, Mbeya, siku ambayo Tanzania Prisons inacheza, jaribu kwa dakika kumi hivi kuuacha mpira uende zake, umtazame kiungo mkabaji, namba sita, peke yake. Si rahisi, maana macho yetu yamezoea kukimbilia golini. Kabla pasi haijamfikia, ameshageuza shingo mara mbili, kulia na kushoto. Mwili ameuweka upande, kwa hiyo mpira ukifika, nusu ya kugeuka imekwisha. Mguso wa kwanza anauzima, wa pili anautoa kwa beki wa pembeni, mita nane au kumi tu. Jukwaani hakuna wa kushangilia. Mshambuliaji aliyekuwa akimjia mbio anafika mahali ambapo mtu alikuwapo.

Mvua zikikolea na nyasi zikalowa, pasi ile ile hufia njiani. Anayeujua uwanja wake huongeza nguvu kidogo, na anayemjua beki wake hujua pia ni mguu upi wa kumpigia. Mambo haya hayaji na fomu ya usajili. Yanataka mtu akae.

Na kukaa ndiko kulikoisumbua soka ya Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, wageni kabisa wa ligi, walibeba ubingwa. Haukupita muda vigogo wa Dar es Salaam wakaja kuchuma, na Godwin Aswile akavaa jezi ya Yanga. Mbeya City walishika nafasi ya tatu katika msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14. Mwaka 2015 mchezaji wao Deus Kaseke akaenda Yanga, na kocha Juma Mwambusi naye huko huko. Lipuli ya Iringa walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2019, wakafungwa 1-0 na Azam, na msimu uliofuata wakashuka daraja. Simlaumu mchezaji anayeondoka. Miguu ina miaka michache, na kodi ya nyumba hailipwi kwa makofi.

Prisons ni habari nyingine. Ni timu ya Jeshi la Magereza, na baadhi ya wachezaji wake ni askari wenye ajira ambayo haiishi goti likiharibika. Ndiyo maana majina kama Jumanne Elfadhil, Laurian Mpalile na Benjamin Asukile yalisomwa kwenye kikosi cha Wajelajela hao msimu hadi msimu.

Uingereza ya baada ya Vita vya Pili ilikuwa na mchezaji wa kukaa namna hiyo, tena kwenye mji wa wanamaji: Jimmy Dickinson wa Portsmouth. Alianza kucheza ligi mwaka 1946, akamaliza Aprili 1965, siku aliyotimiza miaka 40. Mechi 764 za ligi, zote klabu moja. Alibeba ubingwa mara mbili mfululizo, 1949 na 1950, akaichezea England mara 48, kisha akashuka na timu yake hadi daraja la tatu mwaka 1961 na kupanda nayo mwaka uliofuata.

Ila kinachonishangaza mimi ni kwamba hakuwahi kuonywa wala kutolewa nje. Kadi zilikuwa hazijabuniwa. Mwamuzi aliandika jina kwenye kijitabu, na jina la Dickinson halikuandikwa. Huyu hakuwa winga wa kukwepa vumbi. Alikuwa kiungo wa kushoto, na kazi yake ilikuwa kuwapokonya watu mpira. Rafu nyingi huzaliwa na kuchelewa: mpira umeshapita, mguu ndio kwanza unafika. Asiyeonywa kwa rafu miaka 19 ni mtu aliyewahi kufika miaka 19. Alisoma pasi mguuni mwa mpigaji, akasogea hatua tatu wakati wengine wanasubiri, kisha akautoa mpira kwa mwenzake aliye karibu.

Tusimpambe kupita kiasi, hata hivyo. Sheria za wakati ule ziliiruhusu klabu kumzuia mchezaji hata mkataba wake ukiisha, na mshahara ulikuwa na kikomo, hivyo kuhama hakukuwa na faida kubwa. Kikomo kilipoondolewa mwaka 1961 Dickinson alikuwa na miaka 35. Nani angemnunua? Lakini wengine wengi walifungwa na sheria hizo hizo, na hawakuifikia kazi yake.

Mechi ya mwisho ilikuwa ugenini, Northampton. Portsmouth walihitaji pointi moja wasirudi daraja la tatu, wakaipata kwa sare ya 1-1. Mabao yake ya ligi kwa miaka hiyo yote yalikuwa 9. Shabiki anayemzomea namba sita kwa kuwa hajafunga msimu mzima angepata tabu sana kule Portsmouth.