Makao ya Kikosi Chini ya Mlima Meru: Uhakiki wa Filamu ya "Hatari!"

Mwanafunzi wa fasihi huzoezwa mapema kuuliza habari za wahusika, msuko na dhamira. Ni mara chache afundishwe kuuliza swali jingine lililo jepesi zaidi: wahusika hawa wanalala wapi? Nyumba yao ilijengwa na nani? Nani huketi mezani pao, na nani huishia mlangoni? Katika insha hii tutajaribu kuonyesha kwamba swali la makao si swali la pambo. Katika hadithi za vikosi vya watu hodari, makao ndiyo mahali ambapo mtunzi hutoboa siri ya fikra zake, hata pale asipokusudia kuitoboa.

Vijana wetu wanazijua vizuri hadithi za namna hii, hasa zile za sayansi ya kubuni. Kikosi cha watu wachache walioteuliwa kwa ujuzi na ushujaa huishi pamoja ndani ya chombo cha angani, au katika kituo kilichojengwa juu ya sayari ya mbali. Mfano unaojulikana sana ni mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1966. Ndani ya chombo chao, mabaharia hao wa anga wana vyumba vya kulala, mahali pa kulia na chumba cha uongozi. Makao hayo hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: huwaunganisha waliomo, huwatenga na walio nje, na humwonyesha mtazamaji nani ana cheo na nani hana. Yafaa tukumbuke kwamba katika chumba kile cha uongozi ameketi mwanamke wa Kiafrika, afisa wa mawasiliano, aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu "uhuru".

Lakini miaka minne kabla ya Uhura kupata kiti chake angani, kikosi kingine cha kubuni kilikuwa kimekwisha kupewa makao hapa hapa kwetu, chini ya Mlima Meru. Nacho kilichukua neno la Kiswahili kuwa jina. Hiyo ndiyo filamu ya "Hatari!", iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962. Sehemu kubwa ya picha za nje ilipigwa Tanganyika, huko Momella na katika mbuga zetu, na mji wa Arusha wenyewe unaonekana ndani yake. Si filamu ya sayansi ya kubuni, ingawa roketi imo: mhusika aitwaye Pockets anabuni roketi ya kurushia wavu juu ya mti mzima uliojaa nyani, ili wanaswe wote kwa mara moja. Hata hivyo, kwa namna ilivyojengwa, ni ndugu wa karibu wa hadithi za sayari za mbali, kama tutakavyoona.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kundi la wakamataji wa wanyama linafanya kazi ya kukamata vifaru, twiga na wengineo kwa ajili ya mabustani ya wanyama ya ng'ambo. Kiongozi wao ni Sean Mercer, anayechezwa na John Wayne. Wamo Kurt, Mjerumani, anayechezwa na Hardy Krüger, Chips, Mfaransa, Luis, aliyetoka Mexico, na Pockets, aliyekuwa dereva wa teksi New York. Msichana aitwaye Brandy ndiye mwenye shamba, alilolirithi kwa baba yake aliyeuawa na kifaru. Kisha anafika Dallas, mpiga picha kutoka Italia, aliyetumwa na bustani ya wanyama ya Basel. Mchana wote kikosi kinakimbiza wanyama kwa magari. Jioni kinarudi nyumbani.

Nyumba hiyo ndiyo kiini cha filamu. Ni nyumba kubwa ya shambani yenye ukumbi, baa ya vinywaji, piano na vyumba vya kulala. Dallas anapowasili kwa mara ya kwanza, Sean anamkuta amelala kitandani mwake; na filamu inamalizika katika chumba hicho cha kulala, kitanda kikivunjika. Kati ya vitanda hivyo viwili kuna maisha ya pamoja: chakula cha mezani, michezo ya karata, muziki, utani, wivu wa mapenzi na kuuguza waliojeruhiwa.

Haki inamtaka mhakiki aseme kwanza lililo jema. Ushirika wa kikosi hiki umechorwa kwa ustadi. Hakuna anayepiga saluti. Mgeni haingii kwa barua ya utambulisho, bali kwa kitendo: Chips anakubaliwa baada ya kujitolea damu yake kumwokoa mwenzao aliyechomwa pembe na kifaru, ijapokuwa muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amepigana na Kurt. Kurt na Chips ni watu wa mataifa yaliyopigana vita vikali miaka kumi na mitano tu kabla ya filamu kutengenezwa, nao wanalala chini ya paa moja. Mtazamaji anaelewa kwamba nyumba ya namna hii inaweza kuyeyusha uadui wa kale. Funzo hilo si dogo, wala hatuna sababu ya kulidharau.

Hata hivyo, tukishaisifu nyumba hatuna budi kuhesabu waliomo na wasiokuwamo. Duma wa kufugwa anaruhusiwa kuingia hadi bafuni, Dallas akiwa anaoga. Ndama watatu wa tembo wanaingia hadi chumbani, na wao ndio wanaokivunja kitanda kile cha mwisho. Mwenyeji wa nchi, lakini, hatumwoni akiketi mezani kama mmoja wa kikosi. Waafrika wamo katika filamu: wanapanda magari, wanashika kamba, wanabeba, na wengine hata wanaitwa kwa majina. Kuna sherehe ambapo wenyeji wanampaka Dallas rangi na kumwita "Mama Tembo". Lakini kamera haitupeleki mahali wanapolala watu hao. Jioni inapoingia wanatoweka kama kwamba wamezimwa pamoja na injini za magari. Wanyama wa nchi wamepewa chumba, watu wa nchi hawakupewa.

Hapa ndipo undugu wa filamu hii na hadithi za sayari za mbali unapodhihirika. Kituo cha wanaanga hujengwa mahali ambapo hapana mtu. Nje ya dirisha kuna mawe, giza na viumbe vya ajabu. Kwa hiyo kikosi hakimwii mtu maelezo juu ya haki yake ya kukaa pale. Hawks ameitazama Momella kwa jicho hilohilo. Nje ya dirisha kuna mlima, maziwa na wanyama, na nchi inaonekana kana kwamba imeumbwa jana na haina historia. Tofauti ni kwamba sayari ni ya kubuni, bali Momella ni mahali halisi.

Na historia ya mahali hapo haikuwa ya kale wakati picha zilipopigwa. Mwendo mfupi kaskazini ya Momella iko Engare Nanyuki. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwafukuza huko Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao igawanywe kuwa mashamba ya mifugo ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zao zilichomwa moto. Wameru hawakunyamaza. Mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet hadi New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, kuieleza kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya umoja huo. Hawakupata hukumu waliyoitaka, lakini sauti yao ilisikika nchini kote, na kesi hiyo ikawa moja ya hatua za kuamsha mwamko wa kisiasa uliotufikisha kwenye Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961.

Hatusemi kwamba nyumba ya Momella katika filamu ilijengwa juu ya majivu yaleyale. Tunasema jambo lililo dogo zaidi, nalo latosha: kwamba haikupita hata miaka kumi na moja tangu nyumba za watu kuchomwa moto kwa ajili ya mashamba ya wageni, kikosi cha kubuni cha wageni kilionyeshwa duniani kikistarehe katika nyumba ya shamba jirani, na hakuna neno hata moja lililomfanya mtazamaji ashuku kwamba swali la "nani akae wapi" lilikuwa limewaka moto mahali pale. Hadithi ya Brandy aliyerithi shamba kwa baba yake inamtosheleza mtazamaji. Baba huyo alilipataje, haulizwi.

Huenda mtu akasema: "Hiyo ni burudani tu, mtunzi wa filamu si mwanahistoria." Ni kweli kwamba burudani ina haki yake, na vichekesho vya tembo vinachekesha hata leo. Lakini burudani nayo hujenga nyumba. Hardy Krüger, baada ya kuigiza katika filamu hiyo, alipata shamba Momella akaishi huko kwa miaka kadhaa. Na hivi leo mahali hapo pana hoteli ya watalii yenye jina la filamu. Hivyo makao ya kubuni yakazaa makao ya kweli. Mgeni anayefika huko huja kuitafuta nchi aliyoiona katika sinema, nchi ya mlima na twiga, na si ajabu akaondoka bila kulisikia jina la Kirilo Japhet. Picha isiyo na watu ina nguvu ya kuwafuta watu.

Ili tusihukumu kwa kipimo kimoja, yafaa tulinganishe nyumba hiyo na makao ya kikosi teule yaliyozaliwa katika ardhi hiihii. Katika desturi ya Wamaasai, morani walikuwa na kijiji chao, emanyatta. Nyumba zake zilijengwa na akina mama, kwa fito, nyasi na samadi ya ng'ombe, na mama za morani walihamia huko kukaa na wana wao. Boma la kawaida la familia huzungushiwa ua wa miiba. Emanyatta haikuwa na ua huo, kwa maana morani wenyewe ndio waliokuwa ua. Morani hakuruhusiwa kunywa maziwa peke yake. Ilimpasa awe pamoja na mwenzake wa rika. Na katika sherehe ya eunoto, inayomwondoa katika ujana wa umorani, mama yake ndiye humnyoa nywele zake ndefu.

Tusiipambe emanyatta kupita kiasi. Morani hao waliteka ng'ombe wa majirani, na mzigo wa kujenga uliwaangukia wanawake. Lakini tazama jinsi makao hayo yanavyosema ukweli wake waziwazi. Kila mtu anajua nani aliyeijenga nyumba, kwa kuwa mjenzi anaishi humo. Kila mtu anajua kikosi kipo kwa ajili ya nani, kwa kuwa hakuna ua unaokitenga na jamii. Ushujaa wa morani una mama, una rika na una mipaka. Ushujaa wa Sean Mercer una gari, bunduki na hati ya shamba.

Wala si desturi za kale tu zilizotambua kwamba nyumba za wateule ni jambo la jamii nzima. Azimio la Arusha la mwaka 1967, katika miiko yake ya uongozi, lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwiko huo ulilegezwa kwa maamuzi ya chama yaliyofanyika Zanzibar mwaka 1991. Mtu anaweza kuunga mkono uamuzi wa kwanza au wa pili. Lakini hawezi kukana kwamba wote wawili ulikubali uzito wa swali hilo: walioteuliwa kututangulia, makao yao yawe ya namna gani, na yawe karibu au mbali na yetu kiasi gani?

Mwalimu anayetaka kuitumia filamu hii darasani asiwafundishe wanafunzi kuichukia. Awaonyeshe, wacheke, kisha awape kazi ya kuchora ramani ya nyumba ile: chumba kwa chumba, kitanda kwa kitanda, na majina ya wanaolala. Halafu awaulize wapi wangeyaandika majina ya wale walioshika kamba mchana. Nafasi itakayobaki tupu kwenye karatasi itawafundisha uhakiki kuliko maelezo mengi ya ubaoni.

Na kwa wale wanafunzi wanaotamani kutunga hadithi za kisayansi kwa Kiswahili, ambao tunawahitaji sana, tunaongeza shauri moja. Mtakapokipeleka kikosi chenu kwenye sayari ya mbali, msikimbilie kunakili mabweni ya chuma mliyoyaona katika filamu za wengine. Amueni kwanza nani aliyekijenga kituo, nani anayepika, nani anayekunywa maziwa na nani, na kama mahali hapo palikuwa na wenyewe kabla ya chombo kutua. Mtunzi aliyekwisha kuyajibu maswali hayo atakuwa ameanza kutunga kwa macho yake mwenyewe.